Kila Mtu "Anko": Tafakuri Baada ya Safari za Kiangazi



Shule za Uingereza zimefunguliwa tena, masanduku yamerudishwa juu ya makabati, na familia nyingi za Waswahili waishio huko zimerejea katika shughuli zao baada ya likizo ya majuma sita hivi. Kwa watu wa kaskazini majira hayo ni kiangazi. Kwetu pwani ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma na usiku mtu huhitaji shuka. Ndiyo majira ambayo wajukuu waliozaliwa mbali huja kuonana na babu na bibi zao. Mimi na jamaa zangu tulikuwa miongoni mwa wasafiri hao. Tulianzia Dar es Salaam, tukavuka bahari kwenda Unguja, tukarudi na kushika njia ya Tanga, kisha tukapita mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga hadi Mombasa. Kila nyumba tuliyofikia tulipokewa kwa wema ambao malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu.

Sasa safari imekwisha, na yafaa tuihesabu. Sikusudii hesabu ya nauli na zawadi, kwani hiyo kila mwenye familia anaijua na bado inamkosesha usingizi. Nakusudia hesabu nyingine: watoto wetu wamerudi na nini? Wanayo picha nyingi. Lakini je, wamerudi na undugu?

Kuunga undugu si jambo la hiari ambalo Mwislamu hulifanya akipata nafasi. Mwanzoni mwa Sura An-Nisaa, Mwenyezi Mungu ameamrisha tumche Yeye na tuchunge haki za jamaa wa tumbo moja. Naye Mtume Mtukufu (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Tirmidhi, ametufunza kuwa tujifunze nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuwaunga jamaa zetu. Hebu tuyatafakari mafundisho haya. Kujua kumetangulizwa mbele ya kuunga, kwa sababu mtu hawezi kumtimizia haki asiyejua ni nani wake.

Hapa ndipo penye donda. Katika nyumba nyingi nilizopita niliwasikia watoto kutoka ughaibuni wakimwita kila mwanamume mzima "anko" na kila mwanamke mzima "anti". Ndugu wa baba ni anko, ndugu wa mama ni anko, jirani aliyekuja kuazima ngazi ni anko, na dereva wa teksi pia ni anko. Mtoto hana kosa, ndivyo alivyosikia. Lakini lugha aliyopewa imeufuta ukoo wake wote na kumwachia majina mawili tu.

Tazameni jinsi Kiswahili kilivyopanga. Ndugu wa kiume wa baba ni ami, au baba mkubwa na baba mdogo. Wa kike ni shangazi. Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba. Wa kike ni mama mkubwa, mama mdogo, au khalati kama wasemavyo baadhi ya ndugu zetu wa pwani. Haya si mapambo ya maneno. Kurani Tukufu nayo imewapambanua hivyo hivyo. Katika Sura An-Nur, pale zinapotajwa nyumba ambazo mtu hana lawama kula ndani yake, zimetajwa moja moja nyumba za ami, za mashangazi, za wajomba na za ndugu wa kike wa mama. Kisha tukaagizwa tuingiapo majumbani tutoe salaam. Aya hiyo pekee ingetosha kuwa mwongozo wa mgeni anayezunguka kwa jamaa zake.

Na kila jina limebeba hukumu yake. Ami aliyechangia baba na baba yako yumo miongoni mwa warithi wa kiasaba, ingawa hutanguliwa na walio karibu zaidi, mjomba hayumo. Shangazi na mama mdogo ni maharimu wa kijana, haruhusiki kuwaoa abadani. Bali mtoto wa shangazi au wa mjomba huweza kuoana naye. Kijana anayewaita wote anko na anti atazijuaje hukumu hizi, na atajuaje mipaka ya kukaa faragha na nani?

Tena majina hayo yamebeba huruma. Alipokufa shahidi Hamza (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.), aliacha binti. Baadaye Ali, Zaid na Jaafar (r.a.) walishindana, kila mmoja akitaka kumlea. Mtume (s.a.w.) alimkabidhi kwa Jaafar, kwa sababu mkewe alikuwa ndugu wa mama wa yule binti, akaeleza kuwa ndugu wa mama ana daraja ya mama. Wazee wetu waliosema "mama mdogo" walikuwa wakisema jambo hilo hilo kwa maneno mawili. Na katika Sura Al-Baqara wana wa Nabii Yakub (a.s.) wanamtaja Ismail (a.s.) miongoni mwa baba zake, ilhali alikuwa ndugu mkubwa wa baba yake. Kwetu tungemwita baba mkubwa. Mtoto aliyefundishwa kumwita mtu "mama" au "baba" amefundishwa pia namna ya kumtendea.

Tanga nilikaa na bibi mmoja aliyetembelewa na mjukuu wake wa miaka tisa, mzaliwa wa Uingereza. Bibi akamtania kama ada yetu ilivyo, akamwita mume wake, akalalamika kwamba ameachwa mwaka mzima bila ya posho. Mtoto akamgeukia baba yake kwa mshangao. Baba akaanza kufasiri, na kwa kufasiri ule utani ukafa, kwani utani ukishaelezwa si utani tena. Bibi akacheka peke yake kidogo, kisha akaanza kuzungumza na mwanawe, na mtoto akarudi kwenye simu. Kati yao palikuwa na mapenzi tele, lakini hapakuwa na neno la kuyapitisha. Nikajiuliza: siku baba yule, ambaye ndiye daraja, atakapoondoka duniani, nani atapita kutoka upande mmoja kwenda mwingine? Nyumba huweza kurithiwa kwa hati, na shamba hurithiwa kwa mipaka. Undugu hauna hati. Usipofundishwa, huishia kwa yule aliyeujua.

Wapo wazazi wanaosema kwamba wao hutoka kazini usiku, na kwamba watoto wakichanganyiwa lugha watarudi nyuma shuleni. Hoja ya kwanza naiheshimu, maana maisha ya ughaibuni ni magumu kuliko yanavyodhaniwa huku nyumbani. Ya pili haisimami. Mtoto wa Tanga au wa Kwale husema Kidigo kwa bibi yake, Kiswahili sokoni, husoma herufi za Kiarabu chuoni na Kiingereza shuleni, na hakuna aliyepungukiwa akili kwa hayo. Lugha yenyewe dunia imeipa heshima: mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Itakuwa ajabu wageni waitukuze na wajukuu wa wenyewe wasiweze kumsalimia bibi kwa lugha hiyo.

Lawama, hata hivyo, si ya upande mmoja. Wenyeji nao hufurahia Kiingereza cha mtoto wa ughaibuni, wakamwomba aseme tena ili wamcheke kwa mapenzi, badala ya kumvuta kwenye lugha yao. Wengine humwona mgeni kama mfuko wa fedha, wakampangia shida zote za mwaka siku ya kuwasili. Na wengine hukopa ili waandae wali, kuku na samaki wa kupaka kila siku, mgeni aone hawakupungukiwa. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na kwamba si halali mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji katika dhiki. Wahenga nao wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto akipewa jembe lake, yaani akatumwa dukani, akachota maji na akapepeta mchele pamoja na binamu zake, atajifunza maneno mengi kuliko anayokalishwa sebuleni na soda.

Basi nashauri mambo machache kwa mwaka ujao, Inshaallah.

Kwanza, watoto wafundishwe majina ya undugu kabla ya kupanda ndege. Familia iwe na daftari la nasaba, na mtoto mwenyewe aandike: huyu ni shangazi, yule ni mjomba, na kwa nini.

Pili, wakifika wapelekwe chuoni pamoja na binamu zao. Mwezi wa Agosti watoto wa Tanzania huwa shuleni asubuhi, lakini chuo cha jioni kipo, na huko mgeni atapata Kurani, lugha na marafiki kwa wakati mmoja.

Tatu, waanze kutembelewa wale wasioweza kurudisha ziara: wagonjwa, wajane, na jamaa waliotengana nasi kwa ugomvi wa mirathi. Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa muungaji wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye jamaa wakimkata yeye huwaunga. Mtoto akiona baba yake anabisha hodi kwenye mlango wa aliyemkosea, amesoma somo lisilopatikana katika kitabu chochote cha shule.

Nne, tukisharejea, kila Ijumaa mtoto mwenyewe apige simu kwa bibi, wala asipigiwe na mzazi kisha akapewa aseme neno moja. Ajikokote, akosee, na bibi amsahihishe. Simu haiwezi kupanda undugu, lakini huweza kumwagilia uliokwisha pandwa.

Wazee tuliowaacha wakitupungia mkono si wote tutakaowakuta. Tuwahi, wangali na pumzi ya kuwaita wajukuu wao kwa majina, na wajukuu wajue namna ya kuitika.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na avijaalie vizazi vyetu kuwa viungo vya undugu, visiwe vikataji vyake. Amin.