Waacheni Watu Waupate Mpira Wao

Kila Juni, mashindano ya US Open yanapoonyeshwa, hurudi sentensi ileile midomoni mwa watangazaji na watazamaji: huu sasa ndio uwanja wa gofu hasa. Mwaka 2025 ilisemwa kuhusu Oakmont, klabu ya Pennsylvania iliyoanzishwa 1903, ambako majani ya pembeni yaliachwa yakakua kiasi cha inchi tano. Wanaume wanaoishi kwa kucheza gofu walionekana wakifyeka majani badala ya kupiga mpira, na baada ya siku nne J.J. Spaun ndiye pekee aliyemaliza chini ya pa, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa, tena kwa mkwaju mmoja tu. Kuumia kwao kukawa burudani, na burudani ikageuzwa kuwa kipimo. Haukupita muda ikasikika tena ile hoja ya vilabuni, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam: uwanja wetu umelegea, tuache majani yarefuke, tusogeze nyuma tii za kuanzia mashimo, tuchimbe bunka nyingine mbili za mchanga pale watu wanapopumua. Imani yenyewe ni kwamba uwanja mgumu ndio uwanja bora, na kwamba anayetoka amefurahi hakuchezea mahali pa maana. Sijui michezo mingine inayowapima wajenzi wake kwa namna hiyo; ni kumsifu mpishi kwa idadi ya walaji waliotokwa machozi kwa pilipili.

Tuanze na mchezaji wa kawaida, kwa kuwa anatajwa sana na hatazamwi kabisa. Nchini Marekani, ambako hesabu hizi hutunzwa kwa bidii, wastani wa handikapu (kipimo cha uwezo, namba ndogo ndiyo bora) ya wanaume ni takriban 14 na ya wanawake takriban 28, na hao ni wale tu wanaojishughulisha kusajili matokeo yao. Ripoti ya mwaka 2020 ya USGA na R&A, vyombo viwili vinavyosimamia sheria za gofu, iliweka mpigo wa kwanza wa mwanamume asiye mtaalamu kwenye yadi 215 hivi, na wa mwanamke chini ya yadi 150. Mtaalamu wa ligi kuu ya Marekani hukaribia yadi 300. Tofauti hiyo ya umbali ni kubwa, lakini iliyo kubwa zaidi haionekani kwenye takwimu. Spaun akipotoka, mpira wake unatazamwa na maelfu ya watu, kamera na wasimamizi wenye vibendera, na akifika anaukuta umekwisha kuonyeshwa. Majani ya inchi tano yanamgharimu pengine nusu mkwaju. Mtu wa handikapu 20 akipotoka Jumamosi asubuhi, aliyeutazama mpira wake ni yeye mwenyewe, na mara nyingi alikuwa amefumba macho. Majani ni yaleyale, lakini kwa mmoja ni mtihani wa ufundi na kwa mwingine ni kaburi la mpira.

Na mpira uliopotea ndio kiini cha jambo lote, ingawa wapenda ugumu hawapendi kuuzungumzia. Tangu 2019 sheria inampa mchezaji dakika tatu za kuutafuta. Zamani zilikuwa tano. Ukikosekana anaongezewa mkwaju mmoja wa adhabu na kurudi alikopigia, huku kundi la nyuma likimsubiri limejishika viuno. Waandishi wa sheria wenyewe walijua jambo hilo haliwezekani siku ya kawaida, ndiyo maana mwaka huohuo wakaruhusu vilabu kutumia kanuni ya ziada: mchezaji aangushe mpira karibu na ulikopotelea kwa adhabu ya mikwaju miwili, ili watu waendelee na safari. Fikirini basi maana yake. Bunka inakuuliza swali: utautoaje mpira mchangani? Kilima kinakuuliza, grini, nyasi laini zinazozunguka kishimo, inakuuliza kwa mgongo wake, upepo unakuuliza. Mpira uliopotea haukuulizi chochote. Hauna jibu zuri wala baya, hauna ufundi wa kuonyesha, hauna cha kusimulia jioni. Ni mchezo uliositishwa ili watu wanne watembee wameinama. Mbunifu aliyepanga kona ambamo mipira hupotea kila siku hakuongeza ugumu wa mchezo, ameupunguza mchezo wenyewe.

Haya hayakugunduliwa jana. Alister MacKenzie, daktari Mwingereza aliyejifunza elimu ya kujificha vitani kwa kuwatazama Makaburu wa Afrika Kusini, alichapisha mwaka 1920 kitabu kidogo kuhusu usanifu wa viwanja, na kati ya kanuni zake 13 mojawapo inadai waziwazi kusiwe na karaha ya kutafuta mipira iliyopotea. Nyingine inataka uwanja upangwe ili hata anayejifunza afurahie mzunguko wake huku mikwaju ikirundikana. Mtu huyo hakuwa mpole wa kupindukia. Ndiye aliyesanifu Augusta National akiwa na mchezaji bingwa Bobby Jones, uwanja ambao wapenda ugumu huutaja kwa unyenyekevu kila Aprili, mashindano makubwa yanapochezwa hapo. Wanachosahau kutaja ni kwamba ulipofunguliwa ulikuwa na bunka 22 tu, njia pana na karibu hauna majani marefu. Jones alitaka wanachama wake wafurahi na mabingwa wafikiri. Majani ya pembeni, yale yanayoitwa kwa adabu "mkato wa pili", yaliletwa mwaka 1999, na miti ikaongezwa baadaye, kwa hofu ya wale wapigao mbali. Kwa hiyo wanaousifu Augusta kwa ukali wake wanasifu viraka, si nguo.

MacKenzie na Jones walikotolea somo ni St Andrews, Uskoti, kwenye Old Course. Kwa mizani ya wapenda ugumu, uwanja huo ungefaa kufungwa. Shimo la kwanza na la 18 yanatumia njia moja ya nyasi fupi yenye upana unaozidi yadi 100. Mtu akikosa hapo inabidi awe amekosa kwa makusudi. Grini 14 kati ya 18 zimeunganishwa mbilimbili, kubwa mno kiasi kwamba mpira unaweza kuwa juu ya grini na bado kazi haijaanza. Jumapili uwanja hufungwa kwa wachezaji, na watu wa mji hutembea humo na mbwa wao. Mwaka 2022 Cameron Smith alishinda The Open hapo kwa mikwaju 20 chini ya pa, na ikaanza minong'ono kuwa uwanja mkongwe umeshindwa. Umeshindwa na nani? Kuna bunka 112, nyingi hazionekani kutoka kwenye tii, na ziko mahali ambapo mtu hodari angependa kupita. Mzee wa handikapu 24 anaweza kuzikwepa zote kwa kupitia kushoto, apoteze mkwaju mmoja wa umbali, kisha amalize na mpira uleule alioanza nao. Hodari akitaka kuokoa mkwaju huo lazima aitembelee mitego. Wote wawili wamecheza uwanja mmoja, kila mmoja amechagua hatari yake, na hakuna aliyeinama vichakani. Huo ndio usanifu: upana unaompa kila mtu njia, na gharama inayobadilika kulingana na njia aliyochagua.

Hapa huja pingamizi kubwa la wapenda ugumu, na ndilo dhaifu kuliko yote: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ati uwanja mpana utawafundisha watu ulegevu, vijana watakua bila nidhamu, na gofu itakuwa bembea ya watoto. Methali ni nzuri, ila cha mvunguni kipo mvunguni, ukiinama unakipata. Mpira ulio ndani ya bwawa haupatikani hata ukiinama mpaka jioni. Na hiyo nidhamu inayohubiriwa na watu wanaochelewa kwenye tii, wanaoacha nyayo zao kwenye bunka na kusahau mkwaju mmoja wanapoandika kadi, sijui ilijificha wapi miaka yote hii. Kama wanataka ushahidi kwamba upana si ulegevu, waende Pinehurst, North Carolina, uwanja namba 2 uliosanifiwa na Donald Ross, Mskoti wa Dornoch. Katika ukarabati uliomalizika 2011, wasanifu Bill Coore na Ben Crenshaw waliyaondoa majani yote marefu, wakarudisha mchanga na vichaka vya asili, wakang'oa mamia ya vinyunyizio vya maji. Mwaka 2014 ukachezewa US Open ya wanaume na, wiki iliyofuata, ya wanawake. Martin Kaymer alishinda akiwa tisa chini ya pa. Nyuma yake ni wanaume wawili tu waliopata hata mkwaju mmoja chini ya pa. Hakuna majani marefu, na bado wataalamu bora wa dunia walibanwa, kwa sababu grini za Ross zimevimba katikati na kuukataa mpira unaokuja kutoka upande usiofaa. Mchezaji wa kawaida hapo huhangaika pia, lakini anahangaika akiwa na mpira mkononi.

Kuna jamii moja ya mitego inayostahili lawama zaidi, nayo ni maji ambayo lazima yavukwe. Shimo la 17 la TPC Sawgrass, Florida, lina yadi 137 hivi na grini iliyozungukwa na maji, wazo linalohesabiwa kuwa la Alice Dye, mke na mshirika wa msanifu Pete Dye. Kwenye televisheni ni tamthilia. Kwa mgeni aliyelipa ada nzito ni kituo cha kutupia mipira, na inakadiriwa kwamba zaidi ya 100,000 huvuliwa humo kila mwaka. Kichekesho ni kwamba Alice Dye huyohuyo ndiye aliyepigania kwa miaka mingi wanawake wajengewe tii za mbele zenye akili, si jukwaa lililobandikwa kando baada ya kazi kwisha. Aliijua hesabu. Mwanamke anayepiga yadi 140 akiambiwa avuke bwawa la yadi 150, hakupewa changamoto, amefukuzwa. Na kwenye shimo la yadi 400 hata akipiga mara mbili bila kosa bado grini iko mbali. Kisha kamati hukaa na kushangaa kwa nini wanawake ni wachache klabuni, na kuamua dawa ni kupaka rangi vyoo na kuandaa siku moja ya mashindano kwa mwaka yenye keki.

Msanifu mmoja aliye hai amekiri hadharani kwamba imani hii ya ugumu ilimpoteza. David McLay Kidd, Mskoti, alipata jina mwaka 1999 kwa kujenga Bandon Dunes huko Oregon, uwanja uliopendwa na watu wa kila kiwango. Sifa zilipokuja akajiona anatakiwa kuonyesha meno. Castle Course aliyoijenga St Andrews ilifunguliwa 2008 na kupokewa kwa manung'uniko, hata baadhi ya grini zake zikalazimika kulainishwa. Alirudi nyuma akajiuliza walikuwa wanafurahia nini kule mwanzo, na jibu lake likawa Gamble Sands, jimbo la Washington, mwaka 2014: njia pana sana, ardhi inayourudisha mpira kwenye lengo badala ya kuutupa, tii ambazo mtu anaweza kuzimudu. Watu walisafiri saa nyingi kwenda sehemu isiyo na mji wowote mkubwa karibu, wakarudi na wenzao, na mwaka 2025 pakafunguliwa hapo uwanja wake wa pili wa mashimo 18. Wateja hawakuhitaji kuhutubiwa kuhusu ulegevu.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa ziada ambao mijadala ya Marekani haina haja ya kuufikiria. Mpira wa gofu ni bidhaa ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Kijana aliyeanza kama kedi, mbeba mikoba ya wachezaji, na sasa anajaribu kucheza hana sanduku la mipira kwenye gari. Ana mitatu, mingine imeokotwa na kuuzwa tena mara kadhaa. Uwanja unaommezea mipira miwili kabla ya shimo la tisa umemwambia kwa lugha nyepesi kwamba mchezo huu si wake, na hakuna semina ya kukuza vipaji itakayoifuta kauli hiyo. Majani marefu yenyewe si ya bure pia: mvua za masika zikija hugeuka msitu, kedi anatumwa humo na nyoka wake, na mzunguko unaopaswa kuchukua saa nne unafika tano na nusu. Halafu klabu inalalamika kwamba wanachama wana haraka siku hizi.

Kamati zinazopanga kutumia fedha za mwakani kuchimba mabwawa na kurefusha mashimo ziahirishe mpango huo. Ziweke tii moja ya mbele iliyo tambarare kwenye kila shimo, zipanue njia za nyasi fupi yadi kumi kila upande, zifungue angalau njia moja ya kufikia kila grini bila kuvuka maji, kisha ziwaulize wanachama wa handikapu 20 kwenda juu, siyo bingwa wa klabu, kama wamefurahi. Asilimia kubwa ya ada inatoka kwao.