FEZA YA SENDIKA SI FEZA YA KAMPANYE

Walimu wa Kalundu, wa Mulongwe, wa Kavimvira, na ninyi wa Sange na Luvungi kule bondeni, tunawauliza neno moja. Mchango wa sendika ni wa kazi gani?

Kama ni wa kumtetea mwalimu asiyelipwa, wa kumtafutia wakili aliyefukuzwa bure, wa kumpeleka mjumbe Kinshasa akagonge mlango wa serikali, hatuna ugomvi. Utolewe, hata uongezwe. Lakini kama ni wa kununua vitenge vyenye sura ya mgombea, mafuta ya gari lake na bia ya wapiga ngoma wake, tunasema HAPANA.

Kila mtu anajua feza hiyo inatoka katika nyumba gani. Tangu miaka ya 1990 serikali ilimwachilia mwalimu, wazazi wakambeba mgongoni kwa malipo ya masomo. Sheria kubwa ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ni bure. Neno hilo lilingoja mpaka Septemba 2019 ndipo likaanza kutendeka. Na hata baada ya hapo walibaki wale wanaoitwa NU, wenye chaki mkononi na hawana mshahara. Septemba 2024 walimu wengi wa Kivu ya Kusini waligoma. Mtu wa namna hii, ukimkata franka mia, umekata chumvi ya watoto wake. Sisi tunaoshika daftari za mishahara tunajua pia jambo lingine: feza iliyokatwa kabla ya kufika mkononi haina mlio. Mwenyewe haisikii ikienda.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwaka 1967 Mobutu aliunganisha sendika zote kuwa moja tu, ile iliyokuja kuitwa UNTZa, nayo ikawa tawi la chama chake cha MPR. Katibu mkuu wake, André Bo-Boliko, alikuwa pia mkuu wa Bunge tangu 1970, kisha 1979 akafanywa mkuu wa serikali. Kichwa kimoja, kofia tatu! Akitaka kudai mshahara wa wafanyakazi, amdai nani? Ajiandikie barua mwenyewe na kujijibu? Mpaka 1990 mfanyakazi wa Zaire hakuwa na sendika ya kuchagua.

Mashua zinazotoka bandari yetu zafika Kigoma, na huko nako yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1964 serikali ilivunja umoja wa zamani wa wafanyakazi na kuunda NUTA. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa Waziri wa Kazi. Walimu wa Tanzania walipata chama chao wenyewe, CWT, mwaka 1993 tu. Huko Kenya, Wilson Sossion, katibu mkuu wa chama cha walimu KNUT, aliingia Bungeni 2017 kwa tiketi ya ODM. Chama kikagombana na mwajiri, wanachama wengi wakaondoka, naye akajiuzulu Juni 2021. Hatusemi siasa peke yake ilileta hasara ile. Lakini mwalimu asiyeipenda ODM angemwamini vipi?

Wazungu nao walipigana juu ya jambo hili. Uingereza sheria ya 1913 ilisema sendika ikitaka siasa, iweke mfuko wa pekee, na mwanachama ana haki ya kukataa kuutia kitu. Marekani, walimu wa Detroit walifika mahakama kuu, nayo 1977 ikaamua: mtu aweza kulipishwa kwa ajili ya mapatano ya kazi, bali si kwa siasa asiyoitaka. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ikageuka: mfanyakazi wa serikali asiye mwanachama asilipishwe chochote. Hapo walipita kiasi, maana mtu atakula matunda ya mapatano asiyoyalipia. Sisi twapenda ile ya mifuko miwili.

Watatujibu: bila siasa hata masomo ya bure yasingepatikana. Kweli! Mwalimu apige siasa, agombee, ashinde. Lakini vyama vya uhuru, MNC na CEREA, vilipoanza 1958, viliuza kadi. Mtu alitoa franka yake kwa mkono wake, akijua anampa nani. Mgombea wa leo naye apitishe kofia yake mlango kwa mlango, aone atapata ngapi.

Basi katika mkutano ujao wa sendika, walimu, simameni mwombe daftari. Si hesabu ya mdomo: daftari lenye tarehe na risiti. Mkikuta palipoandikwa "gharama za uhamasishaji", ulizeni ni uhamasishaji wa nani. Kampanye ya mwisho ilianza 19 Novemba 2023, ikafungwa 18 Desemba. Kurasa za siku zile ndizo za kufungua kwanza.