Mmweko Usiitwe Mlipuko

Mwanafunzi wa sekondari pale Matinyani, Kaunti ya Kitui, husikiliza habari redioni kwa Kikamba na Kiswahili, kisha huingia darasani akafundishwa mawimbi ya redio kwa Kiingereza. Huyu ndiye anayestahili kukumbukwa kila istilahi za elimu ya falaki zinapoundwa.

Mwaka 2007, Duncan Lorimer na wenzake walitangaza kwamba data za mwaka 2001 za darubini redio ya Parkes, Australia, zilikuwa na mawimbi makali yaliyodumu kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde, yakitoka mbali nje ya galaksi yetu. Je, tukio hili liitweje? Tafsiri ya neno kwa neno huzaa "mlipuko wa redio". Jina hili hudai kujua chanzo, ilhali kinachonaswa ni mmweko tu. Mwaka 2020 mmweko wa namna hii ulitoka kwenye nyota ya neutroni yenye usumaku mkubwa, humu humu katika galaksi yetu. Asili ya ile ya mbali bado inajadiliwa.

Utafutaji katika masafa ya chini unaongeza uzito wa hoja hii. Elektroni zilizotapakaa angani huyachelewesha mawimbi: masafa yakipungua kwa nusu, ucheleweshaji huwa mara 4. Hivyo masafa ya juu hutangulia, ya chini yakafuata kama mkia. Aidha, mawimbi ya chini hutawanyika njiani, mmweko ukafifia. Ndiyo maana ilikuwa habari kubwa mwaka 2021 darubini ya LOFAR, yenye kitovu Uholanzi, ilipotangazwa kunasa mimweko ya FRB 20180916B hadi megahezi 110. Masafa hayo ni jirani ya megahezi 108, ukomo wa FM inayosikilizwa Matinyani.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina nafasi huko angani. Wasisahau Uhuru, setilaiti ya kwanza mahususi kwa falaki ya eksirei, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Kenya. Jina lilikuwa letu. Maelezo yakabaki ya wengine.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, kabla ya mimweko hii kujulikana. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuketi na wanafizikia na kuijaza pengo hiyo, wakianza na "mmweko wa mawimbi ya redio". Wahenga walinena: jina jema hung'ara gizani.