Mtu Akiichoka Nchi Yake

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu watu wanaotaka kuondoka, makala zilimiminika, na karibu zote zilitaja fedha. Mshahara hautoshi, ajira hakuna, mtaji umekatika, ada za watoto zinapanda kila muhula. Yote ni kweli, na sina la kubisha. Lakini nilipozisoma mfululizo nikaanza kuona kitu kinachungulia katikati ya mistari kisha kinajificha. Mwalimu mmoja anaueleza mshahara wake kwa aya mbili, halafu anapenyeza sentensi kwamba hata wakimwongezea angeondoka tu. Mwingine, muuza vipuri mwenye maduka mawili, analalamikia kodi ukurasa mzima, mwishoni anasema kwamba kila Jumapili jioni akikaa barazani anahisi anajua kila kitakachotokea mpaka siku atakayozikwa. Huyo hana shida ya fedha. Ameichoka nchi.

Nataka kuwatetea watu wa namna hiyo, kwa sababu hawana mtetezi, na wao wenyewe wanaona haya kujitetea.

Kwetu mtu anaruhusiwa kuondoka akienda masomoni, akiolewa, au akienda kutafuta maisha. Mwambie mama yako unakwenda Muscat kutafuta maisha: atakuombea dua, atakufungia visheti, atakuagiza usiwasahau wadogo zako. Mwambie kwamba kazi unayo, chumba unacho, huna ugomvi na mtu, ila umeboeka na unataka kujua kuishi kwingine kukoje, na jioni hiyo hiyo wajomba wataitwa. Atauliza nani kakuroga. Na ile ruhusa ya kutafuta maisha haitolewi bure. Aliyekwenda kutafuta anatarajiwa apate, na akipata atume. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, fedha nyingi kuliko zinazoletwa na chai yote inayouzwa nje, na serikali ya huko ina mpango mzima unaoitwa Kazi Majuu. Sina ugomvi na mpango huo. Ninachosema ni kwamba tumezoea kumsamehe anayeondoka kwa kiasi cha anachotuma, na asiye na cha kutuma, au aliyeondoka kwa raha zake, tunamwona ametukosea.

Watasema hamu hii ni ya kisasa, imeletwa na simu. Sivyo. Karne ya 19, kijana wa Kinyamwezi alikuwa hahesabiwi mtu mzima barabara mpaka awe ameishuka njia ya Pwani na mzigo begani, miezi kadhaa kwa miguu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Ujira wa nguo na shanga ulikuwepo, lakini waliorudi walirudi pia na namna mpya ya kusema, kuvaa na kujidai, na wadogo zao wakakosa usingizi. Au msome Adam Shafi katika kitabu chake *Mbali na Nyumbani*, kilichotoka 2013, ambamo anasimulia alivyotoka Unguja akiwa kijana kabla ya uhuru, akapita bara, akaingia Sudan mpaka Misri, ndoto yake ikiwa kufika Ulaya. Alitaka masomo, ndiyo. Mimi kila nikikisoma naona kijana ambaye hata shule ya jirani ingempa kila kitu, bado angeitafuta meli.

Serikali zetu nazo zimekuwa na taabu na mtu aliyechoka pale alipo. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi. Vijana wasio na kazi rasmi Dar es Salaam wakaitwa wazururaji, wakakamatwa barabarani, wakapakiwa kwenye magari na kurudishwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi mjini kabla hata ya msimu kwisha. Waliowakamata walihesabu kwamba kijana amefuata fedha, hivyo akipewa jembe na ekari atatulia. Sijaona popote ambapo aliulizwa jioni za kijijini zilikuwaje. Umbali tu ndio uliobadilika tangu hapo: kaka alitoroka Kibondo kwenda Kariakoo, mdogo wake anataka kutoroka Kariakoo kwenda asikojua.

Jioni zenyewe basi. Nenda mji wowote wa wilaya saa mbili usiku. Maktaba, kama ipo, imefungwa tangu alasiri. Jengo la sinema ambalo wazee wanalisimulia limekuwa ghala, au kanisa. Vilivyo wazi ni baa, duka la kubeti na kibanda umiza, ambako kwa shilingi mia tano unabanwa kwenye benchi pamoja na vijana sitini, jasho kwa jasho, mkitazama Arsenal. Kijana wa pale anaijua mvua ya Manchester. Anajua kocha gani amegombana na mchezaji gani kwa sababu ipi, na jukwaa la Kop pale Anfield lipo nyuma ya goli lipi. Makao makuu ya mkoa wake mwenyewe ameyafikia alipokwenda kushughulikia cheti cha kuzaliwa. Mechi ikiisha, mjadala ni Simba na Yanga. Kesho utakuwa Yanga na Simba. Ukimwuliza anataka nini atakwambia anataka kwenda mamtoni kupiga hela, kwa kuwa hilo ndilo jibu linaloeleweka. Mkae naye mpaka kahawa iishe na kashata ya pili iliwe, utasikia mengine: theluji, treni za chini ya ardhi, kutembea mtaani usiku bila kuulizwa unatoka wapi.

Kuna makala humu ya muuguzi kutoka Tanga ambayo imenikalia kichwani kuliko zote. Anasema hakuna aliyemtesa. Ila nyumba ya pili wanajua anarudi zamu saa ngapi, mwenye genge anajua kama leo amenunua nyanya za mtu mmoja au za watu wawili, na shangazi anaulizia mchumba kabla ya kuulizia afya. Kwenye simu yake yamo makundi tisa ya michango: harusi, kicheni pati, sendofu, arobaini, ubarikio. Kila kadi ina bei yake ya singo na ya dabo, na yeye, kwa umri wake, kununua kadi ya singo ni kutangaza habari. Anachokitamani, kwa maneno yake, ni kuingia dukani katika mji ambao hakuna hata mmoja anayejua yeye ni mtoto wa nani. Nimesoma sifa za ujirani wetu maisha yangu yote, na nyingi zimeandikwa na wanaume ambao hakuna anayehesabu nyanya zao.

Sasa tazama Paje, kusini mashariki mwa Unguja. Maji yakitoka, akina mama wanaingia na kamba zao kwenye mashamba ya mwani, kazi iliyoanza pwani hiyo mwaka 1989. Nyuma yao, upepo ukishika, anga inajaa tiara za rangi za watu wanaoteleza juu ya maji. Kati ya hao wapo waliokuja wiki moja na wapo waliohamia. Ukikaa nao wakakuzoea watakueleza bila aibu yoyote kilichowatoa kwao: walichoshwa na baridi, na ofisi, na mabasi yaliyojaa watu wanaotazama chini, na mama zao kuwauliza wataoa lini. Yaani ni yale yale ya yule muuguzi wa Tanga. Wao waliingia kwa viza ya dola 50, Wamarekani 100. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar imeongeza bima ya lazima ya dola 44. Mwenye dola 100,000 za kununua nyumba katika miradi iliyoruhusiwa anapata na kibali cha ukaazi. Kuchoshwa na kwao kunahesabiwa kuwa uwekezaji. Sitaki wasumbuliwe, na wengine ni rafiki zangu wazuri.

Lakini mfuate kijana anayewafundisha kuishika hiyo tiara. Naye ameboeka, tena ameboeka na Paje yenyewe, ile ile iliyomponya mwenzake. Akitaka kuitembelea nchi za Schengen atalipa yuro 90, na akinyimwa hazirudi. Atatakiwa alete taarifa ya benki ya miezi kadhaa, barua ya mwajiri, ikiwezekana cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati ya kiwanja cha baba. Karatasi zote hizo ni za kuthibitisha jambo moja, kwamba hana haja ya kuondoka. Asipoaminika, fomu ya majibu ina kisanduku kilichochapwa tayari kinachosema ofisa hakuridhika kwamba mwombaji angerudi kwao. Sheria ya Marekani imekwenda mbali zaidi: inamchukulia karibu kila anayeomba viza ya matembezi kuwa anakuja kuhamia, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Hivyo mtu aliyeichoka nchi yake anafika dirishani akiwa amefunga tai kwenye joto la Dar es Salaam, na anaapa kwamba haichoki. Nyumbani alisema anafuata fedha, dirishani anasema anafuata harusi ya binamu, na ukweli hajapata pa kuusemea.

Mlango ambao kwa miaka mingi haukuuliza sababu ni ule wa bahati nasibu ya Green Card, uliofunguliwa na sheria ya Marekani ya 1990, nafasi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Ndiyo maana, nadhani, ulipendwa hivyo. Kila Oktoba intaneti kafe za Arusha na Mombasa zilijaa watu waliopigwa picha mbele ya shuka jeupe, masikio wazi, miwani imevuliwa. Kulikuwa na walioshinda huku wakiwa na maisha mazuri tu, wakauza gari na kwenda kubeba boksi kwenye ghala Ohio. Ndugu walishindwa kuwaelewa. Hesabu ya fedha haikukubali, kwa sababu haikuwa hesabu ya fedha.

Na huyo akikaa huko akapewa uraia, Tanzania inamwandikia talaka tatu. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza wetu. Kenya iliachana na utaratibu huo kwa Katiba ya 2010. Uganda na Rwanda nazo zinaruhusu uraia wa nchi mbili. Sisi tumetunga Hadhi Maalumu, na si haba, maana mwenye asili ya Tanzania anapata nafuu kwenye uhamiaji na ardhi. Lakini ukisikiliza yaliyosemwa kuitetea, karibu yote yanahusu mitaji watakayoleta. Tumerudi pale pale, kwenye kusamehewa kwa kutuma.

Wapo watakaonijibu kwamba huko nako si peponi. Najua. Nimesoma barua za walioko Leicester wanaokwenda kazini giza na kurudi giza, na hakuna anayebisha hodi tangu Ijumaa mpaka Jumatatu. Ila jibu hilo hupenda kutolewa na waliobaki, tena kwa furaha kidogo, kana kwamba upweke wa mwenzao umewathibitishia kitu. Yule aliyeko Leicester ana haki ya kuichoka na Leicester. Hoja ya wasomi kutoroka na elimu tuliyowalipia ni nzito zaidi, lakini ina mahali pake: mkopo wa Bodi ya Mikopo unadaiwa popote mdaiwa alipo, na alipe. Haukuwa mahari.

Mimi mwenyewe siendi kokote. Napenda kelele za mtaani kwangu, na naweza kuvumilia hotuba nyingi kuliko watu wengi ninaowajua. Ndiyo maana nafikiri sisi tusiochoka tunapaswa kuwasikiliza waliochoka kabla hawajapanda ndege. Wao wanaona maktaba iliyofungwa alasiri, sisi tumeshaizoea. Muuguzi yule amenieleza mtaa wetu vizuri kuliko diwani yeyote.

Kwa hiyo niliwaandikia waandishi wote nikawaomba wazirudie makala zao, safari hii bila kutaja fedha hata mara moja, tuone kitakachobaki. Wengi walikubali, na mtazisoma wenyewe, nyingine zinachekesha. Wawili walikataa. Mmoja ni fundi wa majokofu aliyeko Doha, na barua yake ya kukataa nimeichapa ukurasa wa mwisho bila kuigusa. Anasema kuiondoa fedha kwenye habari hii ni mchezo wa mhariri mwenye mshahara. Kwamba uchovu wake wa Temeke ulikuwa uchovu wa kutokuwa na nauli ya kutoka Temeke siku ya mapumziko, na angekuwa na nauli ya kwenda Lushoto mara mbili kwa mwaka huenda asingeiona Doha. Nilimjibu kwamba hiyo inaeleza habari za fundi, haimwelezi muuza vipuri mwenye maduka mawili. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba nimwulize muuza vipuri mara ya mwisho kufunga duka wiki nzima ilikuwa lini. Nilimpigia simu muuza vipuri. Akasema hajawahi.