Ovaloki haitakutoa kama cherehani yako bado haijakutoa

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara wa Tarime na Serengeti, mtanisamehe, leo siandiki habari za mbegu wala viwavijeshi. Naandika habari za ovaloki, kwa sababu fedha ya kahawa ya milimani Tarime na ya pamba ya Serengeti inaishia kwenye mashine hizi, na mimi naona inapotea.

Kila kikundi kinachoniletea andiko la mradi wa ushonaji siku hizi kina mstari uleule: "ovaloki, mbili". Nikiuliza mna vyerehani vingapi, naambiwa viwili, kimoja kibovu. Nikiuliza nani kati yenu anaweza kukata sketi ya shule bila kuharibu kitambaa, mnatazamana. Huko ni kuezeka nyumba kabla ya kuchimba msingi, na sisi maofisa ndio tunaowashikia ngazi.

Nasema "sisi" kwa sababu na mimi nimo. Miaka michache iliyopita niliandikia kikundi kimoja cha akina mama andiko kwa mkono wangu. Niliweka ovaloki mbili za kiwandani, zile zenye mota kubwa, kwa sababu zilipendeza kwenye karatasi. Mkopo ukatoka. Umeme pale kijijini ukawa unakatika mchana na kurudi watu wakiwa wamelala. Uzi ulipokatika ndani ya mashine, hakuna aliyejua kuupitisha tena. Leo kuku wanatagia chini ya mashine moja. Ya pili iliuzwa kwa bei ya kutupa ili marejesho yalipwe, na bado hayakutosha. Mwenyekiti akauza mbuzi wake wawili kumalizia. Hajawahi kunilaumu, lakini deni la mbuzi wale nalijua ni la nani.

Sasa tupige hesabu ambayo siku ile sikuipiga.

Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 1,200,000 unaolipwa kwa miezi 12, yaani 100,000 kila mwezi. Tuseme unatoza shilingi 500 kwa nguo, uzi na umeme vinakula 150, unabaki na 350. Ili ulipe rejesho tu, bila kula, bila kodi ya chumba, unahitaji nguo 286 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni nguo 11 kila siku. Januari, shule zikifunguliwa, utazipata. Desemba ya sikukuu pia. Je, wakati kijiji kizima kiko shambani kinapalilia? Mikopo ya halmashauri haina riba, ni kweli. Lakini mkopo usio na riba bado ni deni.

Na uzi usiuchukulie kirahisi. Mshono wa cherehani ya kawaida hula kama mita 2.5 hadi 3 za uzi kwa kila mita ya kitambaa. Ovaloki ya nyuzi tatu hula karibu mita 14. Sketi yenye kingo za mita 4 itakula mita 56 za uzi, na bado hujaweka zipu.

Zipu yenyewe ovaloki haiiweki. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Ovaloki inashona ukingoni tu, huku kisu chake kikikata kitambaa kinachozidi. Haiweki mfuko, haitoboi tundu la kifungo, haishoni katikati ya kitambaa. Wapo wanaotaka kuokota vipande vya vitenge kwa mafundi wa Mugumu, Sirari na Nyamongo na kushona mashuka ya viraka. Wazo ni zuri sana. Ovaloki itakuungia vipande haraka, kweli. Lakini kushikiza tabaka tatu, viraka juu, kijazio katikati na kitambaa cha chini, ni kazi ya cherehani ya kawaida, kwa sababu mishono hiyo inapita katikati ya shuka. Halafu ukisahau pini moja, kisu kinaharibika. Ukiteleza ukakata ndani, kitambaa hakirudi.

Mashine hii ilianzia kiwanda cha kufuma cha familia ya Merrow, Connecticut, Marekani, katika miaka ya 1880. Ni mashine ya kiwandani tangu kuzaliwa. Kwa fulana, jezi na sweta, vitambaa vinavyovutika, haina mpinzani. Kwa fundi mwenye oda ya sare 300 za tetroni, inamwokolea siku nyingi. Mimi si adui wa ovaloki. Mimi ni adui wa kuikopea kabla ya kuwa na kazi ya kuipa.

Najua jibu lenu: "Afisa, mteja anageuza nguo ndani. Asipoona ovaloki, anakwenda Tarime mjini." Ni kweli anageuza. Lakini anachotafuta ni ukingo usiotoa nyuzi, na huo unaweza kumpa kwa cherehani ya miguu.

Kwa sketi na foronya, tumia mshono wa kuficha. Weka vitambaa mgongo kwa mgongo, uso ukiwa nje, shona nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza kingo kwa mkasi, geuza, kisha shona tena upande wa ndani ili kingo zifungwe humo. Kwa kaptura, ambayo mtoto anaketia chini kutwa, tumia mshono wa jinzi: upande mmoja unakunjwa juu ya mwingine na kushonwa mara mbili. Kwa kingo za mapazia na vitambaa vya makochi, piga bayasi ya kitenge ulichokata mshazari. Hii ndiyo kazi ya makapi yenu. Mgeuzie mteja nguo wewe mwenyewe kabla hajaigeuza. Mwoneshe. Mimi nimeona sare zenye ovaloki ya kupendeza zikipasuka makalioni, kwa sababu mshono wenyewe ulikuwa mmoja na umelegea.

Kama bado unaitaka, fanya hivi. Nunua daftari kwanza. Kwa miezi 3 peleka nguo zako kwa mwenye ovaloki, umlipe kwa kila nguo, na uandike idadi. Mwisho wa miezi 3 linganisha ulicholipa na rejesho la mwezi. Daftari litakujibu kuliko mimi. Ukinunua, anza na ile ndogo inayoweza kufungwa kwenye meza ya kukanyaga kwa miguu, ili umeme ukikatika kazi isilale. Usiondoke dukani kabla hujapitisha nyuzi zote wewe mwenyewe mara tatu mbele ya muuzaji. Uliza sindano na visu vyake vinapatikana wapi. Na kijijini mkubaliane: ovaloki moja kwa fundi mwenye wateja wengi, wengine mumlipe. Si aibu. Mbona mashine ya kusaga mnaitumia wote?

Kwa maofisa wenzangu: tuache kuhesabu mashine tulizogawa na picha tulizopiga siku ya kukabidhi. Pale Mugumu kuna wasichana waliokimbia ukeketaji wakafundishwa ushonaji. Msichana mmoja mwenye cherehani moja na mkono uliofundishwa vizuri ana mtaji kuliko kikundi chenye ovaloki mbili zenye vumbi. Twende tukawahesabie mafundi, si vyuma.

Andiko lenye ovaloki nitaendelea kulipokea ofisini. Lakini kuanzia sasa nitaomba kuona daftari kwanza, na asiye nalo nitamrudisha nyumbani, hata akiwa shemeji yangu. Mbuzi wawili wanatosha.

Kazi njema.