Kompyuta Kuukuu si Takataka

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Usemi huu wadhihirika wazi katika biashara ya kompyuta, ambamo mnunuzi huambiwa kila baada ya miaka michache kwamba mashine yake imepitwa na wakati, hata kama haijaharibika. Wapo watu, hasa huko Uingereza, waliokataa kuusadiki wimbo huo, nao wanaendelea kuzitunza na kuzitengeneza kompyuta za miaka ya themanini. Wengi huwacheka. Sisi twaona kwamba wana jambo la kutufundisha.

Tuchukue mfano wa BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge na kutolewa mwishoni mwa mwaka 1981. Shirika la Utangazaji la Uingereza lilikusudia kuwapa wananchi elimu ya kompyuta kwa njia ya televisheni, na Serikali ya nchi hiyo ikazilipia shule nusu ya gharama ya mashine. Kumbukumbu ya ile iliyoenea zaidi ilikuwa kilobaiti 32 tu. Picha moja ya simu ya leo yaweza kuizidi mara mia. Lakini ilipowashwa, papo hapo ilikuwa tayari kupokea amri za lugha ya BASIC, na kitabu chake kilimweleza mwanafunzi namna ya kuitumikisha. Mwanafunzi hakuwa mteja wa mashine, bali bwana wake.

Matunda ya elimu hiyo yanaonekana. Sophie Wilson na Steve Furber, waliokuwa miongoni mwa wabunifu wa BBC Micro, ndio waliobuni prosesa ya ARM, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Uzao wake ndio unaoendesha karibu kila simu ya mkononi hivi leo. Aidha, mwaka 2012 ilitolewa mjini humo humo kompyuta ndogo ya bei nafuu iitwayo Raspberry Pi. Eben Upton na wenzake waliianzisha baada ya kuona kwamba vijana walioomba kusomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge walijua kuandika programu kidogo kuliko waliowatangulia. Mashine zilikuwa zimeongezeka nguvu, na ujuzi umepungua.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kusubiri programu isomwe kutoka kwenye kaseti si raha, na kompyuta isiyopata marekebisho ya usalama ni hatari ikiunganishwa na intaneti. Hatusemi turudi nyuma. Tunasema kwamba umri peke yake si sababu ya kuihukumu mashine.

Jambo hili si la wapenda ukale tu. Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa programu yake ya Windows 10. Kompyuta nyingi zilizokuwa nzima hazikustahili kupewa Windows 11, kwa kuwa prosesa zao ni za zamani au hazina kifaa cha usalama kinachotakiwa. Zitapelekwa wapi? Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vifaa vya umeme, na ni chini ya robo tu iliyothibitika kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Humo mna risasi na zebaki, ambazo ni sumu.

Kwa hiyo, mkuu wa ofisi au wa shule asikubali mashine ifutwe kabla ya kuuliza maswali matatu: inatakiwa ifanye kazi gani? Je, kumbukumbu yake yaweza kuongezwa au diski yake kubadilishwa? Je, yaweza kuendeshwa kwa Linux, ambayo hupatikana bila malipo? Iliyokufa kabisa na ifunguliwe mbele ya wanafunzi, ikiwa imechomolewa umeme, wakaone viungo vyake. Na tunaponunua mpya, tudai zile zinazofunguka na zenye vipuri. Usiache mbachao kwa msala upitao.