Windows, Mac, Linux: dharau isiyomsaidia mwanafunzi

Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft haitumi tena marekebisho ya bure ya usalama kwa kila kompyuta yenye Windows 10. Mtu binafsi anayejiandikisha alipewa mwaka mmoja zaidi, kiisha basi. Windows 11 nayo inaomba chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea. Mashini za mbele ya hapo, zile ambazo mzazi wa kawaida wa Bukavu, Butembo ao Bunia anaweza kumnunulia mtoto wake, hazikubaliwi.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye mashini ya mtumba ana swali la haki kabisa: nifanye nini? Analipeleka kwa wakubwa wa fakulte, wale wanaojua. Jibu la kwanza analopata ni kicheko.

"Mudogo, bado uko kwa Windows?" Huyo ni mtu wa Linux, ambaye ukurasa wake mweusi wenye maandishi meupe umemfanya ajione kuhani. Mtu wa Mac hasemi kitu, anageuza tu kompyuta yake ili tofaa lionekane vizuri. Na mtu wa Windows anajitetea kwa kusema Linux ni ya wale wasiokuwa na feza, ingawa Windows yake mwenyewe aliikopya kwa rafiki na hakuilipia hata franga moja. Wanabishana mpaka giza. Aliyeuliza anarudi nyumbani na mashini yake ileile, na flashi inayopita kila siku kwa mashini za sekretaria, ikikusanya virusi.

Kongo ni inchi ya sape, na hakuna wa kushangaa kuona mtu anajipima kwa alama ya kitu alichokishika. Lakini koti halimzuii mtu kumaliza masomo. Kompyuta inaweza.

Ugomvi huu haukuzaliwa hapa. Mwaka 1991 kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wake kama mchezo wa wakati wa mapumziko. Miezi michache tu ikapita, na profesa Andrew Tanenbaum, mtu mwenye jina kubwa katika elimu hiyo, akasema mbele ya wote kwamba Linux imekwisha kupitwa na wakati. Kijana alijibu kwa ukali. Linux ikashinda, na ukali ule ukabaki kama desturi ya nyumba: anayeuliza swali la mwanzo anaambiwa akasome maelezo kwanza, na kwa maneno mabaya kuliko haya. Ilikuwa mpaka mwezi wa tisa 2018 ndipo Torvalds mwenyewe aliomba msamaha kwa namna alivyokuwa akiwatukana wenzake wa kazi, akajiweka kando kwa muda.

Apple nayo ilijenga dharau hiyo kwa feza. Tangu 2006 mpaka 2009 matangazo yake ya televisheni yalionyesha watu wawili: Mac, kijana mwenye nguo za raha, na PC, bwana mwenye suti na miwani ambaye kila mara kuna kitu kinamharibikia. Yalichekesha kweli. Yalifundisha pia kwamba mwenye mashini fulani ni mtu wa akili, na mwenye nyingine ni wa kuhurumiwa.

Wenye kampuni wenyewe, je? Tarehe 6 mwezi wa munane 1997, kule Boston, Steve Jobs alitangaza kwamba Microsoft inaweka dola milioni 150 ndani ya Apple, kampuni iliyokuwa inapoteza zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka ule. Uso wa Bill Gates ulipotokea kwa ukuta mkubwa, wapenzi wa Mac waliokuwa ukumbini walimzomea. Walimzomea mtu aliyekuwa anasaidia kuokoa mashini waliyoipenda! Mwaka 2001 Steve Ballmer, mkubwa wa Microsoft, aliifananisha Linux na kansa. Mwaka 2016 Microsoft ileile ikaingia kama mwanachama katika shirika linalosimamia Linux, na ikafungua mlango ili Linux itumike ndani ya Windows. Wakubwa wanapigana asubuhi, jioni wanatia sahihi mkataba. Wapenzi ndio wanabaki barabarani wakirushiana mawe.

Tena, mipaka wanayoilinda haiko wazi kama wanavyoamini. Telefone ya Android, hata ile ya bei ya chini kabisa, ndani yake kuna kiini cha Linux. Yule anayesema Linux ni ya maskini anaishika mkononi tangu asubuhi. Mac nayo inatoka katika ukoo wa Unix, ule ambao Linux iliuiga.

Kupenda chombo chako si kosa, na tofauti zipo. Anayepanga video za redio na televisheni ana sababu ya kutaka Mac kama anaweza kuilipa. Anayesoma hesabu za kampuni atakutana na programu zinazofanya kazi kwa Windows tu, na hakuna hotuba ya uhuru itakayobadilisha hilo. Mwenye mashini ya zamani yenye giga 4 za memori anaweza kupata miaka mingine kadhaa kwa Linux nyepesi. Majibu haya matatu yanachukua dakika tano kuyatoa.

Lakini hata jibu zuri linahitaji mtu wa kulifuata. Chukua mwanafunzi aliyesadikishwa kuweka Linux wiki mbili mbele ya kutoa kazi yake ya kumaliza masomo. Aliandika kurasa themanini kwa LibreOffice. Amefika sekretaria, mhudumu amefungua kwa Word, na mistari imehama, meza zimevunjika, namba za kurasa zimepotea. Mhudumu anacheka Linux yake. Rafiki aliyeiweka anacheka Word. Mwenye kazi analipia kurasa zilizoharibika. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mapema kwamba kazi ya kuchapisha inahifadhiwa kwanza kwa PDF.

Jina Ubuntu, aina ya Linux inayojulikana sana, lilichaguliwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, na msemaji wa Kinyarwanda ao Kirundi analisikia bila mkalimani. Kwa Kiswahili ni utu. Mpaka 2011 kampuni yake ilikuwa inatuma diski za bure kwa posta kwa yeyote anayeomba, bila kuuliza anajua nini. Leo mtu anajitafutia mwenyewe: Ubuntu inapita giga 5, Linux Mint inakaribia giga 3, na kwa bei ya mega katika miji ya mashariki hiyo ni feza ambayo mwanafunzi wengi hukosa.

Ndiyo maana maprofesa na asistenti wa informatiki wana kazi hapa, wala haiombi bajeti ya serikali. Siku moja mwanzoni mwa mwaka wa masomo, umeme ukiwepo, wanafunzi walete mashini zao, na wale wa miaka ya mwisho wawaonyeshe namna ya kuhifadhi kazi kwanza, kujaribu Linux kutoka kwa flashi bila kufuta kitu, na kuiacha kama haiwafai. Mtu mmoja akiisha kuishusha, flashi ya giga 8 inatosha kuizungusha kwa promosyo nzima, na kwa Linux hizo kukopya hakuvunji sheria yoyote.